Bei ya dawa ikipanda, usikate dozi

Leo safu yetu inazungumzia jambo ambalo wengi tunaliona majumbani lakini hatulisemi. Ni mgonjwa wa kisukari au wa presha anayepunguza dawa zake kimya kimya kwa sababu fedha haitoshi. Hamwambii tabibu wake, hamwambii mwanawe anayemtunza, wala hamwambii jirani. Kidonge cha asubuhi na jioni kinakuwa cha asubuhi tu. Insulini ya uniti 20 inakuwa uniti 12 ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Siku akijisikia vizuri anaruka kabisa. Akija kliniki tunamkuta na presha ya 190 kwa 110, tukimuuliza kama anatumia dawa anajibu, "Natumia." Na kweli anatumia, ila si kama alivyoandikiwa.

Watu wa namna hii si wazembe. Wamepiga hesabu: ada ya mtoto, kodi ya chumba, unga, mafuta ya taa, kisha dawa. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inaonyesha fedha iliyookolewa mwezi huu, haionyeshi itakayodaiwa baadaye. Tutaeleza kwa nini gharama zimepanda, kwa nini njia za mgonjwa zinazidi kuwa chache, na nini kifanyike ili fedha kidogo iliyopo ifanye kazi yake.

Maradhi yasiyoisha kwa dozi moja

Malaria unatibiwa kwa siku 3 ukamaliza. Kisukari na presha si hivyo. Dawa haiondoi ugonjwa, inaushikilia. Ukiacha kumeza, ugonjwa unarudi palepale ulipokuwa au mbele zaidi. Kwa hiyo mgonjwa hanunui dawa mara moja. Mtu anayemeza metformini vidonge 2 kwa siku anahitaji vidonge 60 kwa mwezi na zaidi ya 700 kwa mwaka. Ongezeko la shilingi chache kwa kidonge, ambalo mgonjwa wa siku 3 asingelihisi, kwake ni mzigo wa maisha.

Na wagonjwa hawa si wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu, na karibu watu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Katika safu moja ya swala yenye watu 20, tazama kulia na kushoto, hapakosi mtu.

Kwa nini gharama zinapanda

Sababu ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya dawa tunazotumia zinatoka nje na zinalipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu sh. 2,300, katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita sh. 2,600. Dawa ni ileile na kiwanda ni kilekile, lakini duka la dawa linanunua kwa bei nyingine.

Sababu ya pili ni kabati tupu. Mwongozo wa serikali wa msamaha wa gharama za matibabu unawataja wagonjwa wa maradhi sugu, na pia wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Hii ni haki yao katika vituo vya umma. Lakini msamaha unafuta bei ya dawa iliyopo, haukuletei dawa isiyopo. Mgonjwa akiambiwa "dawa imeisha, kanunue nje", msamaha wake umeishia mlangoni.

Sababu ya tatu ni bima. Mwenye kadi hudhani amesalimika, lakini kadi ina thamani pale inapopokelewa. Machi 1, 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita chake kipya cha bei, hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama wa mfuko huo. Mgonjwa wa kliniki ya kila mwezi alijikuta na kadi mkononi na mlango umefungwa, kwa mgogoro usiomhusu. Ikiwa unategemea kituo kimoja tu, jua mapema kituo cha pili kilipo.

Sababu ya nne ni insulini yenyewe, nayo inahitaji maelezo zaidi.

Habari ya insulini

Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, Canada. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini la kuishi muda mrefu. Mwaka 1923 wagunduzi waliiuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka dawa hiyo iwe ya watu wote. Mia moja na zaidi ya miaka imepita. Leo kampuni tatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, ndizo zinazoshika sehemu kubwa ya soko la insulini duniani.

Je, ni ghali kuitengeneza? Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2018 walikadiria kwamba insulini ya binadamu ya kumtosha mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima ingeweza kuuzwa kwa dola 48 hadi 71, faida ya mtengenezaji ikiwa ndani yake. Marekani, ambako bei ilikuwa imepanda mno, kampuni hizo tatu zilitangaza Machi 2023 kwamba zitapunguza bei za baadhi ya insulini zao kwa asilimia 70 na zaidi. Bei iliyoweza kushuka kiasi hicho baada ya watu kupiga kelele haikuwa imepandishwa na gharama za kiwanda peke yake.

Mbali na bei, kuna suala la kuchagua. Mwaka 2024 hospitali za serikali za Afrika Kusini zilikosa kalamu za insulini ya binadamu baada ya Novo Nordisk kutoingia mkataba mpya wa kuziuza kwa serikali. Wagonjwa waliozoea kalamu, wakiwemo wazee wasioona vizuri, walirudishwa kwenye chupa na bomba la sindano. Nchi yenye uchumi mkubwa kuliko yetu haikuweza kulizuia jambo hilo. Somo kwetu ni kwamba kila anayetumia kalamu ajifunze pia kutumia chupa na bomba, asije akakwama siku kalamu zikikosekana.

Kila unaporudi nyuma, njia zinapungua

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu anayekata dozi. Mwanzoni mwa ugonjwa njia ni nyingi na ni rahisi: chakula, kutembea, kidonge kimoja au viwili vya bei nafuu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliodhibiti presha yao vizuri walipunguza hatari ya kiharusi kwa asilimia 44 wakilinganishwa na wale walioilegeza. Hayo yalipatikana kwa vidonge vya kawaida kabisa.

Lakini sukari na presha zikiachwa, mishipa midogo ya figo, macho na miguu huharibika taratibu bila maumivu. Siku mgonjwa anapohisi, njia zimeshapungua. Figo zikifa, kilichobaki ni kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Kusafisha damu hufanywa kwa kawaida mara 3 kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka, tena katika hospitali chache. Weka na nauli, weka na ndugu wa kumsindikiza aliyeacha kazi yake. Hapo ndipo nyumba inauzwa. Aliyekata kidonge ili asiuze kuku, mwisho anauza shamba.

Ndiyo maana tunasema bei ikipanda, kata kingine chochote kabla ya kukata dozi.

Fedha isipotosha, fanya haya

1. Mwambie tabibu ukweli. Sema wazi: "Kwa mwezi naweza kutoa kiasi hiki tu." Usione haya. Dawa iliyoandikwa isinunuliwe haina faida kwako wala kwetu. Tabibu akijua uwezo wako anaweza kubadilisha dawa ya bei kubwa kwa ya bei ndogo inayofanya kazi hiyohiyo, au kuondoa zisizo za lazima. Mara nyingi cheti cha dawa 7 kina 3 ambazo ndizo roho yake, zilizobaki ni vitamini na dawa za kutuliza.

2. Ulizia jina la dawa, si jina la kampuni. Metformini ni metformini na amlodipini ni amlodipini, boksi liwe na rangi ya dhahabu au liwe jeupe. Dawa hizi hazina tena hataza na zinatengenezwa na viwanda vingi. Mradi imesajiliwa na mamlaka ya dawa na inatoka katika duka lenye kibali, ya bei nafuu inatosha. Usinunue dawa ya kupakiwa kwenye karatasi isiyo na jina wala tarehe ya kuisha muda, hata ikiwa ya bure.

3. Omba dawa ya mara moja kwa siku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya dawa za presha zinazofanya kazi kwa muda mrefu, kidonge kimoja kwa siku. Ni rahisi kukumbuka na mara nyingine ni rahisi kwa bei.

4. Punguza safari. Presha au sukari yako ikiwa imetulia, uliza kama unaweza kuandikiwa dawa za miezi 2 au 3. Kwa anayetoka mbali, nauli huzidi bei ya vidonge.

5. Onana na afisa ustawi wa jamii. Hospitali za umma zinaye. Yeye ndiye anayeshughulikia msamaha. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji kabla hujazidiwa. Uliza pia umefikia wapi utaratibu wa Bima ya Afya kwa Wote katika eneo lako, kwani sheria yake ilipitishwa mwaka 2023.

6. Kuwa makini na mashine ya sukari. Mashine inaweza kuwa ya bei ndogo au ya zawadi, lakini kila mashine ina stripu zake na haikubali za nyingine. Kabla ya kununua mashine, uliza bei ya stripu na kama zinapatikana mwaka mzima. Anayetumia vidonge na sukari yake imetulia hahitaji kupima kila siku. Anayetumia insulini anahitaji kupima mara kwa mara, kwa hiyo stripu zake zisipunguzwe bila ushauri.

7. Tunza insulini isiharibike. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Anayetumia uniti 40 kwa siku huimaliza kwa siku 25. Chupa iliyofunguliwa hutumika kwa wiki 4 hivi, kisha hutupwa. Huna friji? Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti kutoka kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ambako joto la nyumbani hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa katika hali hiyo kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Basi iweke kwenye chombo kikavu ndani ya mtungi au chungu chenye ubaridi, mbali na jua na jiko. Usiigandishe kwenye barafu, kwani ikiganda imekufa. Na hakikisha bomba la sindano linalingana na chupa yako: chupa ya U-100 kwa bomba la U-100. Ukikosea bomba unajipa dozi nyingine kabisa.

Mambo ambayo hayakatwi

Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, hasa mtoto, asikose insulini hata siku moja. Mwili wake hautengenezi kabisa, na kukosa kwa siku chache huleta kutapika, kuhema kwa nguvu, kupoteza fahamu na mauti. Wazazi waulizie kliniki za watoto wenye kisukari katika hospitali kubwa, kwani kuna mipango ya misaada inayowapa insulini bure.

Dawa za moyo na presha kama atenololi na propranololi zisiachwe ghafla. Presha inaweza kuruka juu na moyo kushtuka. Kadhalika vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole visivunjwe nusu ili vifike mbali. Ukivivunja, dawa ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo.

Usigawane dawa na jirani. Glibenklamidi ya mwenzio inaweza kumshusha sukari mzee aliyelala na njaa mpaka asiamke. Na anayekusudia kufunga Ramadhani aende kliniki wiki kadhaa kabla, apangiwe dozi. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, asijitwishe ambalo Allah hakumtwisha.

Pa kukatia ni hapa: soda, sukari ya chai, chumvi inayozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, sigara, na dawa za maumivu kama diklofenaki zinazonunuliwa kila wiki. Hizi za mwisho hupandisha presha na kuumiza figo. Hapo unaokoa fedha na mwili pamoja.

Usafi wa miguu: kinga isiyolipiwa

Kidonda cha mguu ndicho kinachowapeleka wengi wenye kisukari kwenye kukatwa kiungo, na kukinga kwake hakuna bei. Kisukari huua hisia za unyayo, hivyo mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Sisi tunatawadha mara tano kwa siku. Itumie nafasi hiyo. Unapoosha miguu, itazame: juu, chini na katikati ya vidole. Ukiwa huoni unyayo, mwite mjukuu akutazamie. Jaribu maji ya moto kwa kiwiko, si kwa mguu. Ukimaliza, kausha katikati ya vidole kwa kitambaa safi, kwani unyevu hapo huleta fangasi na fangasi hufungua njia ya kidonda. Usitembee peku kutoka bombani hadi msikitini kwenye sakafu iliyopigwa na jua. Ukiona lengelenge au jeraha, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje linuke.

Vipi kuhusu dawa za asili?

Bei ikipanda, wauzaji wa chupa za "kuponya kisukari kabisa" huongezeka. Sunna imeisifu habbat sauda na asali, nasi hatulipingi hilo. Lakini asali hupandisha sukari, na mwenye kisukari hawezi kuinywa kama anavyotaka. Habbat sauda haichukui nafasi ya insulini. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na kutafuta tiba ni pamoja na kutafuta iliyo na hakika. Ukitaka kutumia kitu cha asili, mwambie tabibu, na dawa zako ziendelee. Anayekuambia uache insulini kwanza ndipo dawa yake ifanye kazi, mkimbie. Tena katika nchi mbalimbali zimekamatwa "dawa za mitishamba" zilizochanganywa kwa siri na vidonge vya hospitali.

Wajibu wa jamaa na msikiti

Mgonjwa peke yake hawezi kushindana na bei ya dola. Watu wa msikiti mmoja wanaweza kumsaidia. Watu 50 wakitoa sh. 1,000 kila Ijumaa, ni sh. 50,000 kwa wiki, na zaidi ya sh. 200,000 kwa mwezi. Fedha hiyo inaweza kuwashika mkono wagonjwa kadhaa wa vidonge. Utaratibu uwe hivi: mfuko ulipe duka la dawa moja kwa moja kwa cheti cha tabibu, usigawe fedha taslimu, majina ya wanaosaidiwa yabaki kwa watu wawili waaminifu, yasisomwe kwenye kipaza sauti, na aangaliwe zaidi anayehitaji kila mwezi, asipewe mara moja akasahauliwa. Kuhusu zaka, muulizeni sheikh wenu, kwani fukara na masikini ni wenye haki yake na wagonjwa wengi wamo humo. Kipima presha kimoja cha mkono cha msikiti, na kijana mmoja aliyefundishwa kukitumia, kitawagundua wengi mapema, wakati njia bado ni nyingi.

Na wewe uliye mtoto wa mgonjwa: usimuulize mama, "Umekunywa dawa?" Atakujibu ndiyo. Hesabu vidonge vilivyobaki. Kama aliandikiwa 60 mwanzo wa mwezi na leo ni tarehe 20, vibaki 20. Ukivikuta 35, usimgombeze. Kaa naye, muulize kwa upole dawa ni bei gani sasa, kisha umsindikize kliniki.

Wiki ijayo, inshaallah, tutaeleza namna ya kusoma majibu ya vipimo vya figo. Wabillahi tawfiq.